Nguvu ya Bunduki ya Hewa na Uwindaji Usiomtesa Mnyama

Watu wengi hupima nguvu ya bunduki ya hewa kwa kutoboa kopo. Kopo likitobolewa pande zote mbili, mwenye bunduki huridhika kwamba silaha yake yatosha kumwulia sungura au njiwa. Jaribio hilo ni rahisi na hupendeza macho, lakini halijibu swali lililoulizwa. Bati la kopo halina fahamu wala maumivu. Tena hakuna mahali pamoja katika kopo ambapo ni lazima papigwe, na kila tundu huhesabiwa kuwa sawa na jingine. Mnyama hayuko hivyo. Kidonge kinachompiga mnyama bila ya kumwua papo hapo humwacha akimbie na jeraha, ajifiche, na afe baada ya saa au siku nyingi.

Makala haya yanaeleza jinsi elimu ya fizikia inavyoweza kutumika kulijibu swali hili: ni kwa kipimo gani bunduki ya hewa huhesabiwa kuwa na nguvu ya kutosha kwa uwindaji usiomtesa mnyama? Mifano imechukuliwa hasa kutoka Uingereza, ambako bunduki hizi hutumiwa sana dhidi ya sungura, panya, kindi wa kijivu na njiwa-mwitu wanaoharibu mazao. Hesabu zake, hata hivyo, ni zile zile ambazo mwanafunzi wa sekondari huzisoma popote.

Bunduki ya hewa ni nini

Katika bunduki ya kawaida, baruti huungua na gesi zake zenye joto huisukuma risasi. Katika bunduki ya hewa hakuna kinachoungua. Hewa iliyoshindiliwa ndiyo inayosukuma kidonge kidogo kupita katika mtutu. Zipo namna mbili kuu. Katika namna ya kwanza, springi yenye nguvu huisukuma pistoni, na pistoni huishindilia hewa wakati uleule wa kufyatua. Katika namna ya pili, hewa huwa imekwisha kushindiliwa ndani ya chupa ya chuma, na kila mfyatuo hutoa sehemu yake tu.

Si kweli kwamba bunduki zote za hewa ni vitu vya kuchezea. Jeshi la Austria lilianza kutumia bunduki ya hewa ya fundi Girardoni yapata mwaka 1780. Wapelelezi Lewis na Clark walikuwa na bunduki ya hewa katika safari yao ya kuvuka Amerika Kaskazini kati ya mwaka 1803 na 1806. Siku hizi zinatengenezwa bunduki za hewa zenye nishati inayozidi jouli 100. Hata hivyo, zile zinazopatikana kwa wingi hutumia vidonge vya risasi vyenye kipenyo cha milimita 4.5 au 5.5, na nguvu yake ni ndogo. Hizo ndizo zinazohusika katika makala haya.

Kasi peke yake si kipimo

Matangazo ya biashara hupenda kutaja kasi ya kidonge, kwa kuwa tarakimu za kasi ni kubwa na huvutia. Lakini uwezo wa kidonge wa kufanya kazi, yaani kupasua ngozi, kuvunja mfupa na kuharibu kiungo, hutegemea nishati mwendo. Hiyo hupatikana kwa kanuni ifuatayo:

Nishati = ½ × tungamo × kasi × kasi

Tungamo likipimwa kwa kilogramu na kasi kwa mita kwa sekunde, jibu huwa katika jouli.

Chukua vidonge vitatu. Cha kwanza kina gramu 0.34 na huenda mita 305 kwa sekunde. Cha pili kina gramu 0.55 na huenda mita 240 kwa sekunde. Cha tatu kina gramu 1.0 na huenda mita 178 kwa sekunde. Mtu anayetazama kasi tu atasema kuwa cha kwanza kina nguvu kupita vyote. Lakini mwanafunzi akikokotoa ataona kwamba vyote vitatu vina nishati ileile, yaani jouli 15.8. Kidonge chepesi kimepata kasi, ila kimepoteza tungamo.

Kiasi hiki cha jouli 15.8 hakikuchaguliwa ovyo. Nchini Uingereza, kanuni zilizotungwa mwaka 1969 ziliweka mpaka wa futi-ratili 12, yaani jouli 16.3, kwa bunduki ya hewa ya mkono mrefu. Bunduki inayozidi mpaka huo huhesabiwa kuwa ya hatari zaidi na huhitaji cheti sawa na bunduki ya baruti. Kwa bastola ya hewa mpaka ni nusu yake, futi-ratili 6. Nchini Ujerumani, bunduki inayouzwa bila ya kibali haiwezi kupita jouli 7.5.

Hapa ndipo penye kosa la kufikiri ambalo hutokea mara kwa mara. Mtu husema, “Sheria imeruhusu jouli 16, basi jouli 16 zatosha kuwindia.” Sheria hiyo haikusema hivyo. Mpaka huo ni dari, si sakafu. Ulikusudiwa kuwalinda watu na silaha kali, wala haukukusudiwa kumhakikishia mnyama kifo cha haraka. Ndiyo sababu ukapimwa kwenye mdomo wa mtutu, mahali ambapo nishati ni kubwa kuliko popote.

Linganisha na sheria ya uwindaji ya Ujerumani inayohusu paa mdogo wa nchi hiyo. Sheria hiyo yataka risasi iwe na nishati isiyopungua jouli 1000, si kwenye mdomo wa mtutu, bali ikiwa imekwisha kusafiri mita 100. Hiyo ni sakafu, nayo imepimwa kule aliko mnyama. Kwa hiyo mtu anapotaka kuihukumu bunduki ya hewa, aulize kwanza swali la namna hiyo: ni kiasi gani cha nishati kinachofika, na wala si kiasi gani kinachotoka.

Hewa hula nishati

Kidonge kikitoka mtutuni, hewa hukipinga. Kani ya ukinzani huongezeka kwa mraba wa kasi na kwa ukubwa wa uso wa mbele wa kidonge. Kwa kuwa kidonge ni chepesi sana, kani hiyo hukipunguzia kasi upesi.

Hesabu zifuatazo zimefanywa kwa kuchukua kwamba uzito wa hewa ni kilogramu 1.2 kwa kila mita ya ujazo, na kwamba namba ya ukinzani ya kidonge ni 0.4. Namba hiyo hubadilika kwa umbo la kidonge. Kwa hiyo majibu yachukuliwe kuwa ni ya kukadiria.

Kidonge cha milimita 4.5, gramu 0.55:
Mtutuni: mita 240 kwa sekunde, jouli 16
Mita 15: mita 216 kwa sekunde, jouli 13
Mita 30: mita 195 kwa sekunde, jouli 10
Mita 50: mita 170 kwa sekunde, jouli 8
Mita 100: mita 120 kwa sekunde, jouli 4

Kidonge cha milimita 5.5, gramu 1.0:
Mtutuni: mita 178 kwa sekunde, jouli 16
Mita 15: mita 163 kwa sekunde, jouli 13
Mita 30: mita 150 kwa sekunde, jouli 11
Mita 50: mita 134 kwa sekunde, jouli 9
Mita 100: mita 101 kwa sekunde, jouli 5

Yaonekana kwamba karibu theluthi ya nishati imekwisha kupotea katika mita 30 za kwanza, na karibu nusu katika mita 50. Yaonekana pia kwamba kidonge kizito, ijapokuwa kilianza polepole, huihifadhi nishati yake vizuri zaidi kidogo.

Mpaka wa kujeruhi na mpaka wa kuua

Sasa yafaa kuutazama mstari wa mwisho wa kila orodha. Je, kidonge chenye jouli 4 au 5 kimekuwa hakina madhara? La. Daktari Vincent DiMaio wa Marekani, aliyebobea katika uchunguzi wa majeraha ya risasi, alionyesha kwamba kidonge cha milimita 4.5 huweza kuingia katika ngozi ya binadamu kikiwa na kasi ya takribani mita 100 kwa sekunde, na kile cha milimita 5.5 kikiwa na takribani mita 75 tu. Kwa kanuni ya nishati, hizo ni kama jouli 3.

Kwa hiyo kidonge kilichotoka na jouli 16 bado chaweza kupasua ngozi kikiwa kimekwisha kwenda mita 100. Jambo hili lina maana mbili. Kwanza, bunduki ya hewa ni silaha, na mtu yeyote aliye upande wa mbele yake, hata mbali, yumo hatarini. Jicho huumia kwa nishati ndogo kuliko hiyo. Pili, na hili ndilo kiini cha somo, bunduki hii hujeruhi mbali zaidi kuliko inavyoua. Kati ya umbali ambao inaweza kuua papo hapo na umbali ambao haiwezi tena hata kujeruhi, pana nafasi ndefu. Mnyama anayepigwa katika nafasi hiyo huteseka. Kazi yote ya mwindaji mwenye utu ni kutofyatua ndani ya nafasi hiyo.

Namna kidonge kinavyoua

Risasi ya bunduki kubwa, iendayo kwa mwendo mkali, huisukuma minofu pande zote na kufanya pengo la muda lililo pana kuliko risasi yenyewe. Kidonge cha bunduki ya hewa hakina nishati ya kufanya hivyo. Hata bunduki ndogo ya baruti ya milimita 5.6, ambayo ni dhaifu miongoni mwa za jamii yake, hutoa risasi ya gramu 2.6 kwa mita 330 kwa sekunde. Hiyo ni jouli 140 na zaidi, karibu mara tisa ya jouli 16. Kidonge cha hewa huharibu kile tu kinachokigusa, katika mfereji mwembamba unaokaribia kipenyo chake.

Matokeo yake ni haya. Mnyama akipigwa tumboni, mfereji huo hauwezi kumwua upesi. Akipigwa moyoni au mapafuni atakufa kwa kuvuja damu, lakini ubongo huendelea kufanya kazi mpaka utakapokosa hewa ya damu, na katika muda huo sungura aweza kuwa amekwisha kuingia shimoni. Ni ubongo peke yake ukipigwa ndipo fahamu hutoweka mara moja. Kwa sababu hiyo wawindaji wa Uingereza hufundishwa kumlenga sungura kichwani, kati ya jicho na sikio. Mahali penyewe ni mduara wa kipenyo cha kama sentimita 2.5, usiozidi sana upana wa kidole gumba.

Basi nguvu na ulengaji si mambo mawili yaliyotengana. Nishati ya jouli 10 ikifika mahali pale hutosha. Nishati hiyo hiyo ikifika sentimita 3 pembeni huwa ni ukatili.

Umbali huharibu shabaha upesi kuliko nguvu

Mwanafunzi anajua kwamba kitu kilichotupwa huanguka kwa mvuto wa dunia hata kinapokuwa kinakwenda mbele. Kidonge nacho ni vivyo hivyo. Kidonge cha gramu 1.0 katika mfano uliotajwa huchukua sekunde 0.18 kufika mita 30, na katika muda huo huanguka sentimita 17 chini ya mstari wa mtutu. Kwa mita 50 huchukua sekunde 0.33 na huanguka sentimita 52. Darubini ya kulengea hurekebishwa ili kufidia anguko hilo, lakini hufidia kwa umbali mmoja tu.

Tuseme darubini imerekebishwa kwa mita 30, na iko sentimita 4 juu ya mtutu. Mwindaji anamwona sungura na kukadiria kuwa yuko mita 30, kumbe yuko mita 35. Kidonge kitapita kama sentimita 3 chini ya mahali palipolengwa. Badala ya kuingia ubongoni, kitavunja taya au kuingia kooni. Kosa la mita tano tu katika kukadiria kwa macho limetosha kugeuza kifo cha papo hapo kuwa jeraha. Iwapo sungura yuko mita 50, kidonge kitapita kama sentimita 21 chini, pasipo na hesabu tena ya kichwa.

Angalia sasa kwamba kati ya mita 30 na 35 nishati imepungua kidogo sana. Kilichoharibika ni shabaha. Hii ndiyo sababu kuongeza nguvu ya bunduki si dawa ya kila jambo. Mkono unaotetemeka, pumzi, na upepo wa pembeni huongeza makosa yao juu ya hilo. Mtutu ukikengeuka nyuzi moja tu, kidonge hukosea kwa sentimita 52 katika mita 30.

Kwa mazoea, wawindaji wa Uingereza wanaotumia bunduki zilizo chini ya jouli 16.3 hujiwekea mpaka wa kama mita 25 hadi 35 kwa sungura. Msomaji akirejea orodha ataona kwamba hapo kidonge kingali na jouli 10 au zaidi. Lakini mpaka huo ni wa bunduki. Mpaka wa mwindaji mwenyewe mara nyingi huwa mfupi zaidi.

Jinsi ya kupima

Bunduki yaweza kupungua nguvu kadiri springi yake inavyochoka. Kwa hiyo tarakimu iliyoandikwa na kiwanda haitoshi. Siku hizi kasi hupimwa kwa chombo cha umeme chenye macho mawili ya nuru. Lakini njia ya zamani ni nzuri zaidi kwa kufundishia. Mwingereza Benjamin Robins aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1742 kuhusu elimu ya mizinga. Ni pendulamu ya kupokea risasi.

Bonge la udongo wa mfinyanzi huning'inizwa kwa kamba nne ili liende mbele na nyuma bila ya kuzunguka. Kidonge hupigwa ndani yake na kunasa humo. Zao la tungamo na kasi, ambalo huitwa momenta, halipotei; lililokuwa la kidonge sasa ni la bonge na kidonge pamoja. Bonge likisogea umbali mdogo d, na urefu wa kamba ukiwa L, kasi yake ya mwanzo ni d × √(g/L). Kasi hiyo huzidishwa kwa tungamo la vyote viwili, kisha hugawanywa kwa tungamo la kidonge.

Kwa mfano, kidonge cha gramu 1.0 kiingie katika bonge la gramu 500 lililoning'inizwa kwa kamba za mita 2. Bonge likisogea sentimita 16, kasi yake ilikuwa mita 0.354 kwa sekunde. Basi kasi ya kidonge ni 0.354 × 501 ÷ 1, yaani mita 177 kwa sekunde.

Mwalimu awaonyeshe wanafunzi jambo moja zaidi. Nishati ya bonge likisogea ni sehemu 1 tu katika 501 ya nishati ya kidonge. Nyingine yote imegeuka kuwa joto na kazi ya kuusukuma udongo. Momenta imehifadhika, nishati mwendo haikuhifadhika. Anayekokotoa kwa kuzilinganisha nishati atapata jibu lisilo na maana.

Jaribio hili lisifanywe darasani kwa bunduki. Kanuni ileile huonekana kwa gololi inayoteremka katika mfereji wa ubao na kunasa katika kikasha chepesi chenye udongo kilichoning'inizwa.

Hukumu

Kwa muhtasari, bunduki ya hewa haiwezi kuhukumiwa kuwa inatosha au haitoshi pasipo kutaja kwanza mnyama gani na umbali gani. Baada ya hapo yapo maswali matatu.

1. Je, nishati inayofika kwa umbali huo, kwa kidonge kinachotumika, bado yatosha kuvunja mfupa wa kichwa cha mnyama huyo? Kwa sungura na ndege wadogo jibu laweza kuwa ndiyo. Kwa mnyama mkubwa kama mbwa, mbuzi au swala, jibu kwa bunduki ya jouli 16 ni hapana kwa umbali wowote.

2. Je, mwindaji huyu aweza kuviweka vidonge vyake vyote, si vilivyo vingi tu, ndani ya mduara wa sentimita 2.5 kwa umbali huo? Karatasi ndiyo hakimu. Umbali ambao kidonge kimoja katika kumi hutoka nje ya mduara ni umbali ambao mnyama mmoja katika kumi atajeruhiwa.

3. Je, umbali umepimwa kwa hatua au kamba, au umekisiwa tu?

Jibu moja likiwa hapana, bunduki haitoshi, hata ikiwa na nguvu kiasi gani.

Ni wajibu kukumbusha kwamba fizikia haitoi ruhusa ya kuwinda. Nchini Kenya uwindaji wa wanyamapori kwa burudani umepigwa marufuku tangu mwaka 1977, na nchini Tanzania hauruhusiwi bila ya kibali. Lakini hesabu iliyoelezwa hapa yafaa hata kwa kijana mwenye manati, ambaye humpiga ndege kwa jiwe na kumwona akiruka, kisha akadhani kuwa amemkosa.

Mazoezi

1. Kidonge cha gramu 0.60 hutoka mtutuni kwa mita 220 kwa sekunde. Tafuta nishati yake. (Jibu: jouli 14.5)

2. Kidonge hicho kikipoteza sehemu moja kwa tano ya kasi yake, nishati iliyobaki ni kiasi gani? Eleza kwa nini haikupungua kwa sehemu moja kwa tano tu. (Jibu: jouli 9.3)

3. Kidonge cha gramu 0.9 kimenasa katika bonge la gramu 449.1 lenye kamba za mita 2, na bonge likasogea sentimita 14. Tafuta kasi na nishati ya kidonge. Chukua g kuwa 9.8. (Jibu: mita 155 kwa sekunde; jouli 10.8)

4. Jadilini: kwa nini sheria ya kulinda watu huweka dari ya nishati, ilhali sheria ya kulinda mnyama dhidi ya mateso huweka sakafu?